Kaprisi Iliyokula Bizari

Nyinyi akina mama wa kikundi chetu mmekuja kwangu mmoja mmoja tangu nirudi, na kila mmoja ameuliza lile lile: mbona nimerudi peke yangu, na niliaga nikisema narudi na Hamisi? Nimejibu mara saba, na kila nikijibu habari inanirudia kutoka kwa jirani ikiwa imeota mkia. Kwa hiyo naandika. Shule niliachia darasa la nne, mwandiko mtauvumilia. Someni mpaka mwisho, kisha msiniulize tena.

Umra nimewasimulia, na habari za pasi na tiketi hazina utamu. Naanzia Riyadh.

Naseem

Mwanangu Hamisi ni dereva wa mzee mmoja mtaa wa Naseem, upande wa mashariki wa mji. Mzee ni Abu Salman, Hamisi humwita baba, kama wanavyowaita wote mabosi wao kule. Miaka sita Hamisi hajarudi Mariakani. Alipoondoka, binti yake Siti alikuwa na miaka mitatu, na mama yake Siti alikuwa ameshaolewa kwingine Malindi, basi mtoto nimemlea mimi. Baba yake anamjua kwa simu. Siku ninaondoka Siti alishika mlango wa gari akaniambia nimlete baba. Nikamwambia nitamleta. Mnanijua, mimi si mtu wa kuahidi ovyo.

Nilimkuta Hamisi anakaa chumba cha nje karibu na geti. Siku nne nikampikia kwa bizari yangu niliyotoka nayo nyumbani, maana alikonda na alisema chakula cha kule kina ladha moja Jumamosi hadi Ijumaa. Siku ya pili mzee mwenyewe akaja mlangoni kunisalimia. Akaniletea tende na birika la kahawa, akakaa kwenye kiti cha plastiki, na hapo ndipo nikamwomba, kwa kinywa cha Hamisi, amruhusu mtoto aende nyumbani angaa miezi miwili.

Hakukataa. Akatupeleka nyuma ya nyumba, chini ya banda, akafunua turubai. Chini ya turubai kulikuwa na gari.

Wambui, binti wa Nyeri anayefanya kazi za ndani pale, alikuwa anaanika nguo. Akaniambia pembeni, "Shosho, hiyo gari huoshwa kuliko watoto wa hii nyumba. Ukiigusa na mkono wa mafuta, madam atakusamehe. Baba, zii, hasamehi."

Gari lile linaitwa Kaprisi, la Mmarekani, na mzee alilisimulia kama mtu anayesimulia ukoo wake. Nilielewa hivi. Wamarekani walianza kuliunda miaka ya sitini, likiwa ndugu wa gari jingine kubwa lakini limevishwa vizuri zaidi, viti vya kitambaa kizuri na mapambo ya mbao ndani, ili mtu asiyekuwa tajiri kabisa akae kama tajiri. Wakati huo lilikuwa refu kama mashua. Miaka ya sabini mafuta yalipopanda bei huko kwao, wakalikata urefu na uzito, watu wakasema limeharibika, kumbe ndiyo likauzika zaidi. La mzee ni la hilo umbo la baadaye, la pembepembe, la miaka ya themanini, na alilinunua jipya. Alisema wakati ule Riyadh ilikuwa imejaa Kaprisi: teksi Kaprisi, polisi Kaprisi, bwana harusi Kaprisi. Mwarabu alilipenda kwa sababu lilikuwa na sehemu ya kukaa watu sita, kipoza hewa kisichoshindwa na joto la kule, na injini isiyolalamika.

Sasa macho yake yamekwisha. Wanawe wanataka yale magari ya siku hizi ya kupanda juu. Kaprisi amempa rafiki yake wa ujanani aliye Jidda, Abu Nayef. Na Abu Nayef ana masharti yake. Gari likija mgongoni mwa lori la kubebea magari mabovu, wanaliita satiha, hataki. Lije kwa miguu yake, na kila chombo ndani yake kiwe kile kile kilichotoka kiwandani.

Basi mzee akampa Hamisi neno. Ulifikishe Jidda Ijumaa kabla ya magharibi, bila satiha, bila kuharibika kitu, na Jumamosi upande ndege na mama yako. Likipatwa na jambo, utabaki nalo mpaka litengemae, na ruhusa itangoja.

Nikauliza mara mbili kama ndivyo alivyosema. Hamisi akasema ndivyo. Sharti nikalielewa.

Kutoka Riyadh

Jumatano Hamisi alinipeleka sokoni Batha kununua zawadi zenu. Yale mablanketi mliyoyaona, mawili kwa kila nyumba, yaliingia yote kwenye buti la Kaprisi na likabaki pengo la kulala mbuzi. Alhamisi baada ya alfajiri tukaondoka.

Mimi nimewapikia madereva wa malori pale mizani ya Mariakani miaka thelathini. Najua kusikiliza injini kuliko baadhi ya waliovaa ovaroli. Ile ya Kaprisi ni silinda nane, lita tano, na Hamisi alisema ina nguvu za farasi mia na sitini na kitu. Siku hizi, alisema, hata vigari vidogo vinafikisha hesabu hiyo. Lakini vigari vidogo hupiga kelele kufika hapo. Hii inanguruma chini kwa chini, kama mtu mzima anayeongea chumba cha pili, na ukiikanyaga haiharakishi, inavuta tu, moja kwa moja, mpaka unaona nguzo zinapita. Gia si ya sakafuni, ni mkono umetoka kwenye usukani, kwa hiyo kiti cha mbele ni kimoja kama benchi. Nilikaa mbele na kikapu changu katikati yetu. Tukapita matuta hata sikuyahisi.

Kasoro nilizoziona ni mbili. Kukata kona ni taabu, linalala upande kama ng'ombe anayetaka kugeuka. Na mafuta linakunywa. Tangi ni la lita tisini na kitu, na mshale unashuka ukiuangalia.

Na baridi. Kile kipoza hewa ni chumba cha maiti. Nikamwambia Hamisi azime. Akasema, "Mama, nje ni arobaini na tatu." Nikamwambia mimi nimekaa jikoni mwa kuni miaka thelathini, arobaini na tatu ni nini. Hakuzima. Alipunguza kidogo, na nikigeuka kuangalia jangwa anaongeza tena. Likumbukeni hilo, maana lina sehemu yake.

Tuliposhuka mteremko ulio magharibi ya mji jua lilikuwa limetoka. Baada ya hapo ni mchanga, nyaya za umeme, ngamia, mchanga. Sina la kuwaambia juu ya mchanga.

La kuwaambia ni watu. Sikujua kwamba gari linaweza kuwa na jamaa. Kila aliyetupita alipiga honi, akashusha kioo, akatupiga picha. Tuliposimama kunywa chai na kula maharage ya kupondwa na mkate wao mpana, wakaja wanaume watano kwenye meza yetu. Mmoja baba yake alikuwa nayo. Mmoja alizaliwa ndani yake, kiti cha nyuma, njiani kwenda hospitali. Wa tatu alitaka tu kufungua na kufunga mlango asikie sauti. Akafungua, akafunga, mara kumi. Wakatulipia chakula, wakaleta kingine. Kule ukikataa chakula umetukana mtu, basi tukala mara mbili, na saa moja na nusu ikaenda.

Hamisi aliona uso wangu. Akasema watu wa huku ndivyo walivyo, mama. Nikamwambia watu wa huku hawana ndege kesho kutwa.

Kituo cha askari mstaafu

Saa sita mchana tukasimama kuweka petroli. Kituo kimekaa peke yake, msikiti mdogo upande mmoja na duka upande mwingine. Hapo akatokea mzee mrefu, ndevu zimepakwa hina, ameshika fimbo nyembamba. Alikuwa askari wa barabarani zamani, na aliendesha Kaprisi ya kazi miaka mingi.

Huyu naye alikuwa na kipande chake cha historia. Alisema miaka ya tisini Wamarekani walilibadilisha umbo likawa la mviringo, watu wakalicheka kuwa linafanana na nyangumi. Kisha wakalitia injini kubwa zaidi, lita tano nukta saba, na kicheko kikaisha. Alisema na hiyo hakuna aliyemkimbia akafika mbali. Mara tu lilipokuwa bora kuliko yote, kiwanda kikaacha kuliunda, kwa sababu kwao watu walitaka magari marefu ya kupanda juu. Baadaye Waarabu wakaletewa gari jingine kutoka Australia limebandikwa jina la Kaprisi. Alisema zuri, lakini jina la kuazima. Alisema hivyo kwa huzuni kama anazungumza kuhusu mjane aliyeolewa tena.

Kisha akaomba kusikia injini.

Hamisi hakuweza kukataa. Mtu mzima wa miaka themanini anakuomba, nawe ni mgeni, utasemaje? Akafungua boneti, akaliwasha. Mimi nimo ndani, kwa hiyo akaacha kipoza hewa kinapuliza, ati kwa ajili yangu. Mzee akaingia kwenye usukani, akakaa kando yangu akanisalimia kwa adabu kabisa, akakanyaga mafuta. Gari limesimama, juani, boneti wazi, mzee anakanyaga, anaachia, anakanyaga. Watu wakajaa, wengine wanarekodi. Macho yake yalikuwa na machozi, sisemi uongo. Lakini mimi niliutazama mshale wa joto.

Nikamwambia Hamisi kupitia dirisha, "Mwambie huyu mzee atoe mguu wake, anaua gari la watu."

Hamisi akasema maneno marefu ya Kiarabu, mzee akacheka, akaweka mkono kifuani, akakanyaga tena.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia mama anakushukuru kwa historia, na anasema umeendesha vizuri."

Ndivyo alivyokuwa akifanya safari nzima. Mimi nikisema kali, yeye anatoa tamu. Nikanyoosha mkono nikazima ufunguo mwenyewe. Mzee akanitazama, akashuka polepole, akamwambia Hamisi neno. Hamisi akanitafsiria: anasema mke wake pia alikuwa hivyo. Hiyo nadhani alitafsiri sawasawa.

Dhalm

Dhalm ni mji mdogo wa njiani. Kilomita kumi kabla ya kufika mshale ulianza kupanda. Hamisi akazima kipoza hewa wakati huo, bila kuambiwa. Tukaingia kituo cha pembeni cha mji, tukaegesha kivulini, tukangoja mpaka likatulia. Akainama chini ya gari akainuka na vidole vimelowa.

Rejeta ilikuwa inavuja. Si mpira, mpira ulikuwa mzima. Ni pale juu kwenye kiungo, bati na tangi lake vinapokutana, palifunguka kama uzi. Rejeta ya miaka arobaini, imesimamishwa juani inakanyagwa nusu saa. Ningekuwa mimi ningepasuka mapema zaidi.

Karibu kulikuwa na fundi Msudani, mtu mtulivu. Alitazama akasema itolewe, ichomwe kwa risasi, na mchomaji amesafiri, harudi mpaka Jumapili. Au waiweke mpya, anaweza kuiagiza, itafika Jumamosi. Au satiha.

Yote matatu yalikuwa jibu moja. Hamisi akaketi juu ya tairi kuukuu. Ana miaka arobaini na mmoja na ana mvi pembeni, lakini alivyoketi nilimwona vile alivyokuwa akiketi akikosa mtihani.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye langu. Pale Mariakani madereva walikuwa wakija jikoni kwangu kuomba bizari, na si kwa mchuzi. Rejeta ikivuja kidogo, unatia maji, unatia bizari, unawasha injini. Bizari inazunguka na maji, ikifika kwenye ufa inavimba na kuziba. Wengine hutumia pilipili manga. Nimeona lori la saruji likifika Malaba mpakani kwa bizari yangu. Kwenye kikapu nilikuwa nimebakiza nusu pakiti.

Nikaitoa. Hamisi akaniangalia. "Mama, hili si lori. Hili ni la Abu Salman."

"Rejeta ni rejeta."

"Na akijua?"

Nikamwambia, "Kwanza tufike."

Nataka muone kwamba neno hilo nililisema mimi. Sikulisema vizuri. Nilikuwa nimemfikiria Siti, na nilikuwa nimechoka, na nilijiona hodari.

Vijiko vitatu. Msudani alisimama ameshika kiuno akitazama, kisha akacheka, akasema kwao hutumia unga wa bamia. Likanguruma dakika kumi. Uzi ule wa maji ukawa matone, matone yakawa unyevu, unyevu ukakauka ukaacha alama ya manjano. Tukafika Taif jioni, vioo vyote vimeshushwa, mchanga umejaa mpaka kwenye meno. Mshale haukutikisika.

Taif na mlima wa Hada

Taif kuna baridi ya Mungu, si ya mashine. Tulilala nyumba ya wageni, nikalala vizuri. Asubuhi tukala mayai na jibini.

Kutoka hapo barabara inajinyonganyonga kushuka mlima, kona juu ya kona. Gari zito kama lile, ukilitegemea breki peke yake unazichoma. Hamisi akavuta ule mkono akatia gia ya chini, injini ikalishika gari kwa nyuma, tukashuka kama mtu anayeshuka ngazi ameshika ukuta. Hapo nilimsifu. Kijana anajua kazi yake. Kwenye ukuta wa kando ya barabara wamekaa nyani wengi kama abiria. Tuliposimama kidogo mmoja akaingiza mkono akachukua mkate wangu wote, akaketi kwenye boneti ya Kaprisi akaula. Hamisi akataka kutoka na fimbo. Nikamwambia mwache amalize, asije akakwaruza rangi.

Chini ya mlima joto likarudi. Hamisi akasimama, akafungua boneti, akachukua kitambaa akafuta ile alama ya manjano mpaka bati likang'aa. Nilimwona. Nikamwacha afute.

Jidda

Abu Nayef alitungoja nje ya nyumba yake pamoja na wazee wenziwe wanne. Ilikuwa baada ya alasiri, magharibi bado. Tulikuwa tumefika kwa muda wetu.

Ni mtu mfupi, mnene, mchangamfu. Alilizunguka gari kwanza kimya. Akagusa mlango, akagusa taa. Kisha akaanza kueleza, na Hamisi akawa ananiambia. Alijifunza kuendesha ndani ya gari hilihili, pamoja na Abu Salman, wakiwa wanafanya kazi ofisi moja. Walikuwa wakisafiri nalo mpaka Abha, watu saba ndani. Na Jumatano ijayo, akasema, atawapakia wajukuu wake wote awapandishe Hada, waone babu yao alikuwa nani.

Mimi niliposikia kuwapandisha Hada, nilikumbuka mlima wa Mazeras.

Kuna dereva mmoja, Mkamba, jina lake nalificha kwa sababu wanawe wapo. Alitia bizari yangu akaenda nayo miezi. Siku moja akipanda Mazeras, kiraka kikaachia, rejeta ikachemka, akafungua kifuniko. Maji yale yalimtoa jicho. Mlimwona nyinyi, alikuwa akija kula na kitambaa usoni. Bizari inafikisha mtu. Haitengenezi. Hayo niliyajua pale Dhalm vilevile, nikayakalia.

Abu Nayef akafungua boneti, akainama, akaridhika. Akamuuliza Hamisi swali. Sijui Kiarabu, lakini kwa majuma matatu yale neno mafi nililijua, maana ndilo la kwanza mtu kujifunza kule: hakuna. Hamisi akajibu mafi, akarudia, mafi.

Nikamuuliza ameulizwa nini. Akasema ameulizwa kama kuna kitu kilichotengenezwa njiani.

"Basi mwambie habari ya Dhalm."

Hakunitazama. Alikuwa anatabasamu, kwa ajili ya wale wazee. "Mama, hili si jambo lako."

"Bizari ilikuwa yangu. Mwambie."

"Nikimwambia sipandi ndege kesho. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Na Siti?"

Nikaingiza mkono kwenye kikapu, nikatoa pakiti iliyobaki, nikaiweka juu ya rejeta, mbele ya Abu Nayef. Nikaonyesha kile kiungo kwa kidole. Nikaonyesha pakiti. Nikaonyesha kifua changu, kwamba ni mimi.

Abu Nayef akachukua pakiti akainusa. Akafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, polepole, akachovya kidole, kikatoka cha manjano. Wazee wakasogea. Hakuna aliyecheka. Akamgeukia Hamisi akangoja, na Hamisi akamweleza. Alieleza kirefu, na safari hii sikumuuliza ametia sukari kiasi gani, kwa sababu uso wake haukuwa wa kutia sukari.

Abu Nayef akapiga simu Riyadh. Sauti ya Abu Salman ilitoka kwenye simu, shwari tu, ya mtu aliyelala mchana. Hakugomba. Alisema alichokwisha kusema Naseem. Gari halikufika zima. Rejeta isibadilishwe, ichomwe ile ile, na aliye bingwa wa kuchoma za namna hiyo ana foleni ya siku kumi. Hamisi atabaki nalo Jidda mpaka litengemae. Kisha Ramadhani inaingia, na Ramadhani nyumba haiwezi kukaa bila dereva. Ruhusa baada ya Idi, inshallah.

Wengine mtasema mzee yule ni mkatili. Mimi sisemi. Sharti alilitoa mchana kweupe, na nililiuliza mara mbili.

Abu Nayef akaniambia neno moja. Hamisi akatafsiri: "Anasema ahsante."

"Amesema hilo tu?"

"Hilo tu."

Wajukuu hawakupandishwa Hada Jumatano ile. Hilo nalijua.

Kandara

Tulilala Kandara, mtaa wa zamani, vyumba vya bei ya chini, maduka madogo, watu wa kila taifa. Hamisi alinipatia chumba, yeye akalala kwa rafiki yake wa Kisii anayelinda ghala. Chakula alileta, wali na kuku wa Kiyemeni. Tulikula sahani moja. Alinichagulia vipande vya nyama akavisogeza upande wangu, kama alivyofundishwa, na hakuniangalia. Ningependa anitukane. Mtoto akikukasirikia kwa adabu huna pa kushika.

Nilimwambia kuhusu yule Mkamba na jicho. Akasema anamkumbuka. Akaosha mikono akaondoka.

Asubuhi alinipeleka uwanja wa ndege kwa gari la kukodi. Mablanketi aliyabeba yeye yote, akayafunga kamba vizuri. Mlangoni, pale wasiosafiri wanaporudishwa, akanishika mkono akaubusu.

"Ukifika mwambie Siti gari liliharibika."

"Gari lilifika," nikamwambia. "Nitamwambia ni mimi."

Akasimama. Nilidhani atanibishia. Akasema, "Haya, mama," akarekebisha kamba ambayo ilikuwa sawa, akaenda zake.

Nyumbani

Siti alikuwa kituoni na shangazi yake, amevaa gauni la Idi. Aliangalia nyuma yangu, akaangalia mlango wa basi mpaka wakashuka wote, na dereva naye akashuka.

Nilimwambia jioni ile ile, yote, kama nilivyowaandikia. Nilimwambia baba yake angekuja, ila bibi yake ndiye aliyefichua habari ya bizari. Ana miaka tisa, anaelewa. Siku mbili hakunijibu salamu. Sikumchapa wala sikumbembeleza. Nilimpakulia, akala, akaondoa sahani yake.

Hamisi amepiga simu mara mbili, anaongea na Siti, mimi ananisalimia. Anasema rejeta imechomwa na yuko Riyadh. Baada ya Idi, anasema. Tutaona.

Siku ya tatu Siti alikuja jikoni ninasukuma chapati. Akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje. Akauliza hilo gari lilikuwa la rangi gani.

Nikamwambia la rangi ya maziwa, na viti vyekundu.

Akaingia, akavuta kigoda, akauliza alikuwa ameketi upande gani, baba yake.